Tawi la Berlin na Mifupa ya Makumbusho

Katika miaka ya 1980, jijini Berlin, mfugaji wa samaki wa baharini aitwaye Dietrich Stüber alikuwa na tumbawe la matawi ambalo hakulinunua. Liliingia tangini kama chipukizi dogo juu ya jiwe lililotolewa baharini, likashika, likanenepa, likaanza kutoa matawi. Siku hizo jambo hilo lilikuwa la kusimuliwa, kwa sababu matumbawe ya namna hiyo yalijulikana kwa kufa mapema yakishafikishwa Ulaya. Stüber akawa anakata vitawi na kuwagawia wenzake. Waliopewa nao wakakata wakagawa, hadi vitawi vikavuka mipaka ya nchi. Asili yake kila mtu aliijua, ila jina hapana. Wajuzi waliweza kusema kwamba ni la jenasi ya Acropora, na hapo wakakwama. Likabaki kuitwa Acropora ya Stüber, kama mbuzi anavyotajwa kwa jina la mwenye zizi.

Kukwama huko kunashangaza kidogo ukikumbuka ni jiji gani. Berlin ina Makumbusho ya Historia ya Asili, kwenye mtaa wa Invalidenstraße, ambao wakati ule ulikuwa upande wa Mashariki wa jiji lililokatwa na ukuta. Ndani yake kuna mojawapo ya mikusanyo ya kale ya matumbawe: yale ambayo Christian Gottfried Ehrenberg aliyatoa Bahari ya Shamu katika miaka ya 1820. Baadhi ya vipande hivyo ndivyo vilivyotumika kubuni majina yenyewe. Lakini makumbusho yalihifadhi mifupa mikavu, na Stüber alikuwa na kiumbe hai chenye rangi na minyiri. Kuunganisha vitu hivyo viwili ndiko kulikokuwa kugumu, na ugumu huo ulianza zamani, kwenye bilauri ya maji.

Mwaka 1706, huko Cassis karibu na Marseille, Mtaliano Luigi Ferdinando Marsigli alitumbukiza tawi bichi la marijani ndani ya chombo cha maji ya bahari. Baada ya muda tawi likachanua: vitu vidogo vyeupe, kila kimoja na petali nane. Wasomi wa Ulaya walikuwa wamebishana kwa muda mrefu kama marijani ni jiwe au ni mmea, na Marsigli akaona amemaliza ubishi. Kitu chenye maua ni mmea.

Daktari mmoja wa Marseille, Jean-André Peyssonnel, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, akalirudia jaribio hilo. Akaliendeleza mwaka 1724 na 1725 kwenye pwani ya Tunisia na Algeria, ambako wavuvi wa marijani walikuwa wengi na mali mbichi ilipatikana. Aliyagusa yale maua, yakajikunja. Akaliacha tawi lioze, na harufu iliyotoka ikawa ya mnyama aliyeoza. Peyssonnel akaandika kwamba kinachoitwa ua ni mdudu mdogo mwenye miguu au mikono yake, na kwamba jiwe la ndani ni nyumba aliyoijenga.

Mjini Paris hawakutaka kusikia. Réaumur, mwanasayansi mkubwa wa Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, aliyazungumzia maoni hayo mwaka 1727 bila kumtaja mwenyewe, eti kumsitiri asichekwe. Peyssonnel akaondoka kwenda Guadeloupe kuwa daktari wa mfalme. Ilibidi kwanza Abraham Trembley aishangaze Ulaya kwa haidra, kiumbe wa majini anayekatwa vipande na kila kipande kikawa kiumbe mzima. Kisha Bernard de Jussieu ateremke hadi pwani ya Normandy kujionea mwenyewe. Ndipo mwaka 1742 Réaumur akakubali na kulitaja jina la yule daktari. Peyssonnel naye, akiwa ng'ambo ya Atlantiki, alipeleka muswada wake London, ukafanyiwa muhtasari na kusomwa mbele ya Royal Society katika mwanzo wa miaka ya 1750. Yote hayo yalitokana na mtu aliyelikazia macho tawi moja likiwa hai kwenye maji.

Halafu chombo cha maji kikawekwa kando kwa karibu miaka 200.

Sababu zake zinaeleweka. Tumbawe hai lilikuwa likifa kabla meli haijatia nanga bandari ya pili. Mfupa wake, ukioshwa na kuanikwa, hukaa sandukuni miaka na miaka na hauli wala haunywi. Carl Linnaeus, Mswidi aliyeweka utaratibu wa majina mawili mawili katika kitabu chake cha 1758, aliyapa matumbawe magumu jina la Madrepora bila kuwahi kukanyaga mwamba hata mmoja wa matumbawe ya nchi za joto. Mwanafunzi wake Peter Forsskål ndiye aliyekwenda. Alisafiri na msafara wa mfalme wa Denmark hadi Bahari ya Shamu na Yemen, akakusanya mimea, samaki na matumbawe, na mwaka 1763 akafia mji wa Yarim akiwa na umri wa miaka 31. Maandishi yake yalitolewa mwaka 1775 na Carsten Niebuhr, msafiri pekee wa kundi hilo aliyerudi nyumbani hai. Mwenye tangi anayefuga Pavona cactus leo anatumia jina la Forsskål.

Ehrenberg wa Berlin alifuata nyayo hizo pamoja na rafiki yake Wilhelm Hemprich. Hemprich alifariki kwa homa Massawa mwaka 1825. Ehrenberg alirudi, na katika kitabu chake cha 1834 akampa rafiki yake tumbawe la matawi, Acropora hemprichii kama linavyoitwa sasa. Baadaye akaja Carl Benjamin Klunzinger, daktari aliyeishi miaka mingi Al-Qusayr kwenye pwani ya Misri, akatibu mahujaji na mabaharia na kuandika juu ya matumbawe ya pwani hiyo hiyo. Huyu angalau alikaa jirani na mwamba.

Wamarekani nao walituma meli. James Dwight Dana alizunguka Pasifiki na msafara wa serikali yao kati ya 1838 na 1842, na kitabu chake cha 1846 kimejaa majina ambayo kila duka la matumbawe linayajua: Acropora tenuis, Acropora hyacinthus, Acropora humilis, Seriatopora hystrix. Dana alikuwa na jicho kali. Hata hivyo alichokuwa nacho mezani ni tawi lililovunjwa, na tawi lililovunjwa katikati ya tumbawe halifanani na la pembeni. Lililokulia penye mawimbi hutoka fupi na nene. Ndugu yake wa kwenye maji tulivu hurefuka na kukonda. Ukiyaweka yote mawili kwenye sanduku moja, ukamkabidhi mtu aliyekaa London au Paris, atakupa majina mawili. Basi majina yakazaliana. George Brook alipoandaa orodha ya jenasi ya Acropora kwa ajili ya Makumbusho ya Uingereza mwaka 1893, alikuwa akipanga foleni ya majina iliyo ndefu kuliko ya aina zilizokuwepo baharini, naye akaongeza yake.

Pwani ya Afrika Mashariki iliingia kwenye masanduku hayo pia. Cyril Crossland, Mwingereza kijana, alikusanya viumbe vya bahari Zanzibar na pwani ya Kenya mwaka 1901 na 1902, na mkusanyo wake ukagawiwa kwa wataalamu wa Uingereza, huyu akichukua konokono, yule akichukua minyoo. Aliandika pia juu ya miamba ya matumbawe ya Zanzibar yenyewe. Wakati huo wenyeji walikuwa wameshajenga kwa matumbawe kwa karne nyingi, kuanzia msikiti mkuu wa Kilwa hadi nyumba za Mji Mkongwe: mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu kwa kuta, matumbawe laini yaliyochongwa yakiwa mabichi kwa milango na vidaka, na mengine yakichomwa tanurini yawe chokaa. Fundi wa Lamu aliyechonga kidaka alijua ni tumbawe lipi linakubali patasi na lipi linapasuka. Ujuzi huo haukuandikwa kwenye orodha ya Brook, na kwa maoni ya mwandishi huyu orodha ilipungukiwa.

Chombo cha maji kilirudi kwa mlango mwingine. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta aliandika katika jarida la Marekani la wafugaji wa samaki jinsi alivyofuga viumbe vya baharini bila mitambo mingi: maji safi ya bahari, mwanga, hewa kidogo ya kupuliza, na mawe yaliyotolewa mwambani pamoja na kila kilichokuwa juu yake. Wengi Ulaya na Marekani walikuwa wakitegemea maji ya bahari ya kutengeneza na vichujio vya changarawe, na matumbawe yaliwafia. Mfugaji Peter Wilkens katika miaka ya 1970, kisha kikundi cha Berlin ambacho Stüber alikuwa mmoja wao, waliirudia njia ya mawe hai, wakaongeza taa kali na mtambo unaokamata uchafu kwa povu. Matumbawe magumu yakaanza kuishi. Yakaanza pia kuota yasiyotarajiwa, kwa sababu jiwe lililotoka baharini hubeba mabuu na vipande visivyoonekana, na miezi kadhaa baadaye jicho linaona kitu kinachotoa tawi.

Hapo ndipo swali la jina linapoanza, na mtu mwenye subira anaweza kulisogeza mbali kwa lenzi ya kawaida.

Aangalie kwanza ncha ya tawi. Acropora ina kitu ambacho karibu hakuna mwingine anacho: kikombe kimoja juu kabisa ya kila tawi, ambacho ndicho kinachoongoza kukua, na vikombe vingine vidogo vikijipanga ubavuni. Tawi likiwa na kikombe hicho cha nchani, nusu ya kazi imekwisha. Kisipokuwepo, ubavu ndio utakaosema. Vinundu vilivyojaa kila mahali, na vikombe juu ya vinundu vyenyewe, huelekeza kwenye Pocillopora. Vikombe vilivyopangwa mistari iliyonyooka juu ya vitawi vyembamba vyenye ncha kali ni vya Seriatopora. Stylophora ina matawi butu, na kila kikombe kina kama kofia ndogo inayokiinamia upande mmoja. Montipora ya matawi ina vikombe vidogo sana vilivyozama kati ya chembechembe za chokaa, wala nchani hakuna cha pekee. Porites ya matawi inaonekana kama imefunikwa na manyoya mafupi polipu zikitoka. Hydnophora ina vilima vidogo vya pembe kali, na polipu hukaa mabondeni.

Kuna pia mdanganyifu. Millepora hutoa matawi ya rangi ya haradali yenye ncha nyeupe, uso wake laini, na matundu madogo kama ya sindano. Kwa ukoo iko karibu na haidra ya Trembley kuliko na matumbawe ya kweli, na mkono ulioigusa bila glavu hulijua jambo hilo papo hapo.

Kufika hadi jenasi, basi, si kazi ya profesa. Tatizo lipo hatua inayofuata. Vitabu vya zamani vinaeleza mfupa: urefu wa ukuta wa kikombe, idadi ya vikuta vya ndani, umbo la mdomo wake. Kuona hayo inabidi kuvunja kitawi, kukiloweka kwenye jiki hadi nyama yote itoke, kukisuuza, kukianika na kukiweka chini ya hadubini. Mwenye tumbawe moja tu la sentimita nne hujiuliza mara mbili kabla ya kulipeleka kwenye jiki ili apate kulijua jina. Rangi, ambayo ndiyo aliyolipia, haimsaidii sana, maana hubadilika kwa mwanga. Tumbawe la kahawia dukani linaweza kugeuka la buluu au la kijani baada ya miezi chini ya taa nyingine. Umbo nalo hubadilika. Pampu ikielekezwa upande mmoja, matawi ya upande huo hunenepa. Tawi lililokulia tangini miaka mitano linaweza lisifanane na picha yoyote iliyopigwa baharini, nalo likiwa zima kabisa.

Waliokuja kuziba pengo kati ya mfupa na nyama walikuwa wapigambizi. Gesi mgongoni na miwani usoni, mtaalamu aliweza kwa mara ya kwanza kuliangalia tumbawe zima mahali lilipo, kuona ndugu zake wa kina kirefu na wa kina kifupi, kisha kuchukua kipande akijua kimetoka upande gani. Huko Australia, J. E. N. Veron na wenzake walitoa juzuu tano za matumbawe ya mashariki ya nchi hiyo kati ya 1976 na 1984. Ile ya mwisho, ya familia ya Acropora, aliiandika na Carden Wallace. Wallace akaendelea na jenasi hiyo moja. Alipita makumbusho baada ya makumbusho kulinganisha vipande vya asili, na kitabu chake cha 1999 kikaikata foleni ya mamia ya majina hadi kubaki aina zaidi kidogo ya 100. Mwaka 2000 Veron akatoa juzuu tatu za matumbawe ya dunia nzima zenye picha za rangi za matumbawe hai. Wafugaji wa nyumbani walizipokea kwa shangwe, wakazigeuza kitabu cha kutambulia matumbawe kwa picha tu, jambo ambalo wanasayansi waliwaonya wasilifanye na ambalo wafugaji bado wanalifanya.

Mojawapo ya aina walizozipa jina Veron na Wallace mwaka 1984 ni Acropora yongei, kwa heshima ya Maurice Yonge, aliyeongoza msafara wa Waingereza kwenye Great Barrier Reef mwaka 1928 na 1929. Ndiyo ambayo wafanyabiashara wengi wanaihusisha na tumbawe lao la kijani linalotoa ute mwingi likiguswa. Madukani jina la Yonge halisikiki sana. Kila muuzaji hubuni lake, na tumbawe moja maarufu la buluu linaitwa Oregon Tort, kwa jina la jimbo la Marekani ambalo halina mwamba wa matumbawe hata mmoja wa nchi za joto.

Wakati orodha zikifupishwa, maarifa mengine yalikuwa yakizivuruga. Watafiti kwenye Magnetic Island, Australia, waligundua mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba aina nyingi za matumbawe hutoa mayai na mbegu zao usiku uleule, siku chache baada ya mwezi mpevu. Taarifa yao ilitoka mwaka 1984, na Wallace alikuwa miongoni mwa walioiandika. Maji yakijaa mayai ya aina kumi na tano kwa wakati mmoja, swali la machotara haliepukiki, na majaribio ya maabara ya miaka ya 1990 yalionyesha kuwa baadhi ya aina huchanganyika bila shida. Huko Karibi, Acropora prolifera, iliyopewa jina na Mfaransa Lamarck tangu 1816, ilithibitishwa mwaka 2002 kuwa chotara wa aina mbili nyingine za huko. Ilikuwa imepita miaka 186 tangu ipewe jina.

Serikali hazikuweza kusubiri wanasayansi wakubaliane. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, na kila tawi linalovuka mpaka linahitaji kibali chenye jina. Afisa wa forodha aliyefunguliwa sanduku lenye mifuko mia ya maji hawezi kuanza kuhesabu vikuta vya ndani vya vikombe. Mkutano wa nchi wanachama uliofanyika Gigiri, Nairobi, mwezi Aprili 2000 ulipitisha azimio maalumu juu ya biashara ya matumbawe, likaeleza tofauti kati ya tumbawe hai, kipande kilichokufa, mchanga wa matumbawe na mwamba wenye viumbe. Utaratibu wa mkataba unakubali pia kwamba kwa jenasi fulani zilizo ngumu kutambulika, Acropora ikiwemo, kibali kinaweza kuishia kwenye jenasi. Kwa hiyo wafugaji wa Berlin, waliosema ni Acropora wakanyamaza, walikuwa wamefanya kile ambacho sheria ya kimataifa ilikuja kukiruhusu.

Siku hizi vinasaba vinarudisha watu kwenye makabati yaleyale ya makumbusho. Pocillopora damicornis, jina la Linnaeus lililobandikwa kwenye matumbawe ya bahari mbili na kwenye matangi yasiyohesabika, lilichunguzwa upya na matokeo kutolewa mwaka 2014. Ikaonekana lilifunika aina kadhaa, na mojawapo ikarudishiwa jina la Pocillopora acuta, ambalo Lamarck alilitoa mwaka 1816 na likatupwa. Mwaka 2023 ikafika zamu ya Acropora tenuis. Kipande cha Dana kilitoka Fiji, na matumbawe ya mashariki ya Australia yaliyoitwa kwa jina hilo kwa miongo mingi yakaonekana kuwa aina nyingine. Watafiti wakarudi kwa Brook, yule wa orodha ndefu, wakakuta ameshaliita tumbawe hilo Acropora kenti mwaka 1892, wakalifufua jina. Baadhi ya yale majina yaliyofutwa kwa kuwa mengi mno yanaanza kudai nafasi zao.

Kwa mwenye tangi, mabadiliko haya yana maana moja ya vitendo: jina sasa linategemea sana bahari ambayo tumbawe lilitolewa. Kitawi chenye kibandiko cha tenuis kinaweza kuwa cha Dana, kinaweza kuwa cha Brook, na kinaweza kuwa cha aina nyingine ambayo bado inasubiri zamu yake maabara. Karatasi ya muuzaji, kama ipo, huishia kwenye jina la nchi iliyosafirisha. Kitawi kilichopita mikono mitano sebuleni mwa watu hakina hata hiyo.